Ukingo wa Mpira

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa,
wakikusudia umbea.
Mimi nimeuona kweli hauna:
dawa ikishaingia mshipani
unaporomoka nyuma kama pazia lililokatwa kamba,
unaziba mlango wa pumzi,
na mtu mzima, mwenye mashamba na talaka mbili,
hana wa kumfungulia ila mimi
na kipande cha mpira chenye umbo la jani.

Miaka kumi na minne hospitali ya Ibra
nimekuwa bawabu wa makoo.
Kile kifaa cha zamani naujua ujeuri wake:
ukikijaza hewa kidogo, kinavuja, kinazomea;
ukizidisha, kinabana nyama,
mgonjwa anaamka na sauti ya bawaba kavu.
Nilikuwa nikikitoa nakikagua chini ya taa.
Punje ya damu. Moja tu, kama ya komamanga.
Naandika daftarini: tarehe, uzito, punje.
"Koo litapona kwa chai," wenzangu walisema.

Kisha akaja Bi Shinuna,
kazaliwa Wete, kazeekea Ibra,
msomaji wa maulidi kwa wanawake wa mtaa mzima.
Tulimshona ngiri, ikashoneka vizuri.
Alipozinduka akafungua kinywa kutushukuru,
ukatoka upepo.
Siku kumi na moja, upepo mtupu.
Hakunilaumu. Ndilo lililoniuma.

Nikalipeleka daftari Sinaw,
kwa Sleyum bin Hafidh, fundi wa pampu za visima,
anayekata mipira ya kuzuia maji kwa kisu na jicho.
Alizisoma punje zangu zote mia mbili na sita,
akamaliza kahawa, akasema:
"Nyie mnaujaza ukingo kabla ya kazi.
Maji hayazuiwi hivyo. Uacheni wazi kwa ndani,
shinikizo likija liuvimbishe lenyewe,
likiondoka ulegee."
Pumzi ijifungie mlango wake!
Nilicheka peke yangu kati ya mbuzi wa soko la Alhamisi.

Haikuwa rahisi hivyo.
Toleo la kwanza lilikunja ncha kama sikio la kitabu.
La pili lilipiga mluzi.
La tatu halikuingia hata kwenye kichwa cha plastiki
tulichokiita Bwana Kimya, mgonjwa asiyelalamika.
Daktari Ghaniya akaongeza mfereji wa pembeni
wa kunyonya yanayopanda kutoka tumboni.
Kamati ya Maskati ikaturudishia makaratasi mara tatu,
na haki yao: koo si pampu,
likichanika huendi sokoni kununua jingine.
Koleo letu lilivunjika; tukafua chuma kwa meno.

Leo ni toleo la saba, na ruhusa ina muhuri.
Mezani kalala Bi Shinuna, ngiri ya upande wa pili.
Kataka mwenyewe, katia saini kwa mkono unaotetemeka.
"Nusukaputi," ananiambia kwa Kiswahili
ambacho wanafunzi waliosimama pale hawakielewi,
"nusu kufa. Hiyo nusu inayobaki nakuwekea amana."
Analala kabla sijamjibu.
Ulimi unaporomoka. Naingiza jani.
Mashine inasukuma; ukingo unavimba taratibu,
unalegea,
unavimba. Hakuna kuzomea.
Anapogeuzwa ubavu kinavuja kidogo. Naandika.

Dakika hamsini. Nakitoa, nakipeleka chini ya taa,
nakigeuza, nakigeuza tena.
Mate tu.
Nyuma yangu anakohoa, anakunja uso,
na kwa sauti ile ile ya kuuita mtaa mzima
anauliza nani
kayaweka wapi meno yake.